Bei ya mkopo: njia ya kuielewa dira ya Ruto, kutoka Kongowea hadi Paris

Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha, uliokuwa na kodi mpya, waliingia ndani ya majengo ya Bunge jijini Nairobi, na polisi wakafyatua risasi za moto. Siku hiyohiyo, kikosi cha kwanza cha askari polisi wa Kenya kilikuwa kinatua Port-au-Prince nchini Haiti, kwenda kukabiliana na magenge. Mwezi mmoja nyuma, Rais William Ruto alikuwa amekaribishwa kwa heshima zote Ikulu ya Marekani, na katika ziara hiyo kampuni za Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu zikatangaza mradi wa dola bilioni 1 wa kujenga kituo cha data kitakachotumia umeme wa mvuke wa Olkaria.

Mwananchi aliyekuwa akifuatilia habari hizi zote kwenye simu moja alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Rais aliyechaguliwa kwa jina la mama mboga na mwendesha bodaboda ana shughuli gani Haiti? Kituo cha data kinamsaidiaje mtu anayeuza sukuma wiki? Maswali haya bado yanaulizwa, matatuni na vibarazani, na mara nyingi jibu analopewa mtu ni la ushabiki: ama rais ni mtu wa maono makubwa, ama ni msafiri tu.

Mimi naona mambo haya yameshonwa kwa uzi mmoja, nao ni bei ya mkopo. Nani anakopeshwa, kwa riba gani, na nani anayeamua riba hiyo. Ukiushika uzi huu utaiona dira nzima, na utaona pia ilipokatikia.

Tuanze na maneno yenyewe. Pato la taifa ni thamani ya vitu vyote na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Fikiria sinia la pilau harusini. Pato la taifa linakwambia sinia ni kubwa kiasi gani. Halikwambii nani ameketi upande wa nyama na nani anakwangua ukoko. Uchumi unaweza kukua mwaka baada ya mwaka, magazeti yakashangilia, na nyumbani kwako chai ikawa bado ya rangi. Uchumi jumuishi ni ule ambao sinia likikua, aliyeketi pembeni naye anaongezewa.

Njia iliyozoeleka ya kufika huko ni ya juu kwenda chini: wape nafuu wawekezaji wakubwa, jenga barabara kuu, kisha subiri ajira na mapato yachuruzike hadi kwa mdogo. Ruto, katika kampeni ya mwaka 2022, aliipindua hoja hiyo. Anzia chini, alisema, kwa sababu huko ndiko waliko watu. Na kwa hesabu hakukosea. Takwimu rasmi za Kenya zinaonyesha kwamba ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya watu 8 kati ya 10 walio kazini wako sekta ya jua kali: mafundi, wachuuzi, wasusi, waendesha boda. Hao ndio aliowaita mahasla, na alijihesabu mmoja wao kwa kuwakumbusha watu kwamba aliwahi kuuza kuku kando ya barabara. Manifesto ya muungano wake, Kenya Kwanza, ikataja nguzo tano: kilimo, biashara ndogo, nyumba, afya, na mtandao wa kidijitali pamoja na sanaa.

Hapa ndipo kosa la kwanza la uelewa lilipozaliwa. Wengi walisikia "chini kwenda juu" wakaelewa kwamba serikali itagawa pesa au itashusha bei ya unga. Kumbe kinyume chake ndicho kilichotangulia. Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022, na siku hiyo ya kwanza alieleza kwamba ruzuku ya chakula na mafuta ni mzigo usiobebeka. Siku chache hazikupita, petroli Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159 hadi 179 kwa lita. Hoja yake ilikuwa kwamba badala ya kumpunguzia mtu bei ya unga dukani, mpunguzie mkulima bei ya mbolea shambani, mahindi yawe mengi, na unga utashuka wenyewe. Gunia la kilo 50 la mbolea lililokuwa likiuzwa zaidi ya shilingi 6,000 likashushwa hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Hoja ina mantiki. Tatizo lake ni muda, kwani mahindi huchukua miezi shambani, na tumbo halina miezi ya kusubiri. Tena mwaka 2024 ikabainika kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kwenye mpango huo yalikuwa na mbolea feki, na waliopoteza msimu wao ni walewale waliotajwa kuwa ndio msingi wa dira.

Lakini moyo wa dira si mbolea. Ni Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, na inafaa tuifungue polepole kwa sababu ndani yake ndimo kila kitu kilimo.

Tuseme kuna mama anayeamka saa kumi alfajiri huko Kisauni, Mombasa, kwenda soko la Kongowea kununua nyanya na vitunguu kwa jumla, auze mtaani kwake mchana kutwa. Mtaji wake ni shilingi 1,000, na leo hana. Kwa miaka mingi alikuwa na milango mitatu. Chama cha akina mama, ambacho zamu yake huenda bado haijafika. Shailoki wa mtaani, ambaye riba yake huhesabiwa kwa wiki. Au mkopo wa simu. Huduma ya M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani shilingi 75 kwa kila 1,000. Zinaonekana kidogo. Lakini mtu anayekopa hivyo kila mwezi, mwaka ukiisha amelipa sawa na asilimia 90. Tajiri mwenye jengo hakopi hivyo. Anayetozwa zaidi ni yule asiye na kitu, na sababu anayopewa ni hiyohiyo, kwamba hana kitu.

Hazina ya Hasla ilikuja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Nasisitiza kwa mwaka, kwa sababu wapo walioeneza kwamba ni kwa mwezi. Inahesabiwa kwa siku. Anayekopa 1,000 na kurudisha baada ya siku 14 analipa riba ya takriban shilingi 3. Ukipiga *254# mkopo unaanzia shilingi 500 na unaweza kupanda hadi 50,000 kadiri unavyolipa vizuri. Asilimia 5 ya unachokopa haikufikii mkononi. Inawekwa akiba, sehemu yake ya muda mfupi na sehemu kubwa ya uzeeni. Kwa hiyo ukiomba 1,000 unapokea 950. Waliolalamika kwamba "serikali imekata hamsini" walikuwa wanaizungumzia akiba yao wenyewe, ingawa nawaelewa: hamsini kwa mtu wa mtaji wa elfu moja ni kikapu cha pilipili.

Tofauti kati ya shilingi 75 na shilingi 3 ni jambo la kweli, na anayelibeza hajawahi kukopa ili apate cha kuuza asubuhi. Hata hivyo, mkopo hauleti mteja. Akina mama kumi wa mtaa mmoja wakipata mtaji siku moja, wote wakanunua nyanya, wanunuzi wa mtaa ni walewale. Siku 14 za kurudisha mkopo zinamtosha mchuuzi wa mboga. Hazimtoshi fundi anayesubiri kulipwa kiti alichotengeneza, wala mkulima. Na mabilioni ya shilingi hayajarudi, sehemu kwa sababu ya hali ngumu, sehemu kwa sababu wengi waliuchukua mkopo ule kama shukrani ya kura. Hazina ya Vijana na Hazina ya Uwezo, za miaka ya nyuma, zilipitia ugonjwa huohuo.

Kuna swali gumu zaidi ambalo haliulizwi sana. Serikali inapata wapi pesa ya kukopesha kwa asilimia 8? Inaikopa, au inaitoa kwenye kodi. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani ilikopa kutoka kwa watu na mabenki ya humuhumu nchini, kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Unakopa kwa 18, unakopesha kwa 8. Kumi iliyobaki hailipwi na malaika. Inalipwa na mlipakodi, na mlipakodi ni pamoja na yule mama wa Kisauni, ambaye kila akipanda matatu kwenda Kongowea analipa nauli iliyobeba ushuru wa mafuta, uliopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Sisemi kwamba hesabu yake lazima iwe hasara. Ninachosema ni kwamba pesa, kabla ya kushuka chini, kwanza hupanda juu. Sehemu hiyo ya safari haikuelezwa vizuri kwenye mikutano ya kampeni.

Sasa teknolojia. Wengi wanaiona kama mradi wa pembeni, kitu cha vijana wa Nairobi. Kwenye dira hii ni bomba lenyewe la kupitishia pesa. Bila simu, Hazina ya Hasla isingewezekana: benki haiwezi kumtuma afisa aende Kisauni kukagua meza ya nyanya kwa ajili ya mkopo wa shilingi 500. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa tayari imewazoesha Wakenya kutuma na kupokea pesa mkononi. Kilichoongezwa ni wazo kwamba historia yako ya kulipa inaweza kusimama mahali pa hati ya shamba. Usipokuwa na ardhi ya kuweka dhamana, weka tabia yako. Kwangu mimi hili ndilo wazo zuri kuliko yote katika dira hii.

Juu ya hapo ziliwekwa ahadi kubwa: kilomita 100,000 za faiba, yaani nyaya za intaneti ya kasi, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya bure, na kituo cha kidijitali katika kila moja ya wadi 1,450 za nchi. Huduma za serikali nazo zikahamishiwa eCitizen, jukwaa la serikali la mtandaoni. Juni 2023 zilizinduliwa 5,000 kwa jina la Gava Mkononi, na malipo yakaelekezwa kwenye nambari moja, 222222. Lengo lilikuwa kuziba mianya ya wizi, maana pesa inayopita mikononi mwa karani huweza kuchelewa njiani, na inayopita kwenye mfumo huacha alama.

Tahadhari ya kwanza ni kwamba faiba ni barabara, si mzigo. Kijana aliyeunganishwa Wi-Fi bila ujuzi, bila kompyuta na bila mtu wa kumpa kazi ya mtandaoni atakuwa amepata njia nzuri ya kutazama video. Ya pili ni nzito zaidi. Bomba la maji hupeleka maji upande mmoja. Bomba la kidijitali hupitisha pande zote mbili. Mfumo unaojua kwamba unaweza kulipa mkopo wa 2,000 ndio huohuo unaoweza kumwonyesha mtoza kodi kwamba unauza. Si jambo la kubahatisha kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 iliyafikia pia mauzo ya biashara ndogo: kodi ya mauzo ikapanda kutoka asilimia 1 hadi 3 kwa biashara inayouza kuanzia shilingi milioni 1 kwa mwaka. Hiyo si biashara ya tajiri. Gawanya milioni kwa siku za mwaka, unapata chini ya shilingi 2,800 kwa siku, na hayo ni mauzo, si faida.

Ya tatu: mfumo mmoja ukianguka, vyote vinaanguka. Julai 2023 wadukuzi waliishambulia eCitizen na huduma zikakwama kwa siku kadhaa. Wiki hiyohiyo watu walikuwa wamepanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, kupigwa picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin, wapewe sarafu ya kidijitali ya thamani ya kama shilingi 7,000, mpaka serikali ikausimamisha tarehe 2 Agosti. Foleni ile iliniuma. Ilionyesha kwamba mtu mwenye njaa ya leo atauza chochote, hata jicho lake, na kwamba uchumi wa kidijitali usio na ulinzi wa taarifa za watu unaweza kuwa soko jingine la kumnunua maskini kwa bei ya chini.

Twende nje ya nchi. Ukitaka kuielewa sera ya mambo ya nje ya Ruto, mchukue yule mama wa Kisauni umvalishe suti. Kenya, kama yeye, inatozwa zaidi kwa sababu inaaminiwa kidogo. Mwaka 2014 ilikopa dola bilioni 2 kwenye soko la kimataifa kwa hatifungani ya kulipwa Juni 2024. Muda ulipokaribia na pesa haikuwepo, hofu ikatanda kwamba nchi itashindwa kulipa. Februari 2024 ikabidi ikope dola bilioni 1.5 nyingine ili kununua sehemu ya deni la zamani, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10. Nchi tajiri zikikopa dola hizohizo hulipa sehemu ndogo tu ya riba hiyo.

Ndiyo maana Juni 2023, kwenye mkutano ulioitishwa Paris na Rais Emmanuel Macron, Ruto alidai mfumo mpya wa fedha duniani ambao hautakuwa mateka wa nchi moja wala mbili. Septemba mwaka huo akaalika viongozi wa Afrika Nairobi kwenye mkutano wa tabianchi, na Azimio la Nairobi likataka kodi ya dunia nzima kwa biashara ya mafuta, meli na ndege, pamoja na madeni kuongezewa muda na kupewa miaka 10 ya kupumua. Isome kwa lugha ya sokoni: nipunguzie riba, niongezee siku, na aliyechafua maji achangie kuyasafisha. Ni Hazina ya Hasla, ila mkopaji sasa ni bara.

Uzi huo pia unapita kwenye hoja yake ya biashara ya ndani ya Afrika. Aliuliza, akiwa Djibouti, kwa nini mfanyabiashara wa Kenya na wa Djibouti walipane kwa dola. Upo mfumo wa malipo wa Afrika nzima, PAPSS, uliozinduliwa Accra Januari 2022, unaomwezesha mnunuzi kulipa kwa sarafu ya kwao na muuzaji kupokea kwa ya kwake. Kosa linaloenea hapa ni kudhani huo ni mpango wa kuitupa dola. Kenya bado inalipa mafuta na madeni yake kwa dola. Kinachotafutwa ni kuacha kuitumia pale isipohitajika, kama mtu asiyekodi gari kwenda duka la jirani.

Na ile habari ya "Kenya bila viza" nayo inahitaji kunyooshwa. Viza iliondolewa kuanzia Januari 2024, kweli, lakini mahali pake ukawekwa kibali cha safari cha mtandaoni cha dola 30. Watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuguswa, ila Mwafrika wa nchi ambayo awali raia wake waliingia bure alijikuta analipa. Ilichukua zaidi ya mwaka kabla Waafrika wengi kuondolewa sharti hilo.

Vivyo hivyo hadhi ya mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, ule muungano wa kijeshi, ambayo Kenya ilipewa Juni 2024 ikiwa ya kwanza kusini mwa Sahara. Haiifanyi Kenya mwanachama wa NATO, wala Marekani hailazimiki kuipigania. Inafungua milango ya kununua silaha na kushirikiana katika mafunzo na utafiti. Haiti ni sehemu ya hesabu hiyohiyo ya kujenga sifa: nchi inayotuma askari wake pale wengine walipokataa hutegemea kusikilizwa inapozungumzia madeni. Unaweza kuona, kama mimi, kwamba bei ya sifa hiyo ilikuwa kubwa mno kwa askari waliopelekwa, na bado ukaelewa hesabu iliyofanywa.

Sasa turudi Juni 2024, maana hapo ncha zote za uzi zilikutana. Wakopeshaji walitaka kuona Kenya inaongeza mapato. Mpango wake na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ulikuwepo tangu 2021. Mswada wa Fedha ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346, na katika rasimu ya kwanza hata mkate ulikuwa utozwe ushuru wa asilimia 16. Tayari mishahara ilikuwa imekatwa asilimia 1.5 ya kugharamia mpango wa nyumba. Hapo teknolojia ikageuka. Vijana walioahidiwa faiba waliitumia kuusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, wakaujadili TikTok na X hadi usiku wa manane. Sikumbuki wakati mwingine ambapo sheria ya kodi ilieleweka na watu wengi hivyo. Makumi waliuawa katika maandamano ya wiki zile, na wengine wakatekwa majumbani mwao. Tarehe 26 Juni rais alikataa kuutia saini mswada.

Waliodhani ushindi huo ulikuwa umemaliza jambo walisahau mkopeshaji. Julai 8 shirika la Moody's, linalopima uwezo wa nchi kulipa madeni, liliishusha Kenya daraja, likisema uwezo wake wa kukusanya mapato na kupunguza deni umedhoofika. Daraja likishuka, riba hupanda. Februari 2025 Kenya ilirudi kwenye soko la kimataifa, ikakopa tena dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.5. Mama wa Kisauni, akipiga *254# alfajiri, anakopa kwa 8.